Mzee Fanueli na Waya Tulioanikia Masweta

Tarehe 30 Juni 2004 Mzee Fanueli Shemhilu, fundi wa shule yetu hapa Lushoto, anastaafu baada ya kuitumikia kwa miaka ishirini na saba. Alipoajiriwa alikabidhiwa jenereta moja na simu ya kuzungusha kwa mkono. Wengi wetu tumezoea kumwamkia shikamoo akiwa juu ya ngazi.

Mwaka 2002 tulipata kompyuta kumi zilizokwisha kutumika. Mkuu wa shule, Mwalimu Jenoveva, alitueleza kwamba zisipounganishwa kabla ya muhula kwisha, zitapelekwa shule nyingine. Mzee Fanueli alikuwa hajawahi kufunga mtandao. Alikwenda Tanga kujifunza kwa wiki moja, akarudi na waya mweusi mnene, kama ule wa antena ya televisheni. Aliupitisha kutoka kompyuta moja hadi nyingine, na kwa kuwa vyumba ni viwili, kipande kimoja kilipita nje, barazani.

Ilikuwa Julai, wakati wa ukungu, nguo hazikauki hata kwa siku tatu. Tulipouona waya umenyooka vizuri chini ya paa, tukaanika masweta. Kiungo kimoja kikachomoka, na kompyuta zote kumi zikapoteza mawasiliano, maana waya wa namna ile ukiachia mahali pamoja, mtandao mzima umekwisha.

Hidaya, wakati huo kidato cha pili, ndiye aliyeanika la kwanza. Alikwenda kukiri huku analia. Mzee alimsikiliza, kisha akasema, "Mwanangu, kosa ni langu. Nimewafungia kamba ya nguo, nikaiita mtandao."

Kesho yake alitufungia kamba ya kweli nyuma ya bweni. Halafu akatafuta nyaya nyembamba zenye jozi nne za nyuzi za rangi zilizosokotwa ndani yake, kila kompyuta ikapata waya wake hadi kwenye kisanduku cha kugawia. Mmoja ukikatika, tisa zinaendelea. Hidaya alimpangia rangi, kwani macho ya Mzee yalikuwa yakichanganya kijani na buluu. Muhula ulikwisha, kompyuta zikabaki.

Mzee husema kwamba siku moja nyuzi za kioo zinazobeba mwanga zitapanda mlima huu, naye atakuja kuziona hata kwa mkongojo.

Wiki iliyopita waya mmoja kati ya zile ulikuwa umechakaa, ukahitaji kubadilishwa. Mzee alimpa Hidaya koleo lake, akashika ngazi. Taa ya kijani ikawaka kwenye kisanduku. Koleo hakulidai tena.

Asante, Mzee wetu. Tunakuombea afya, mavuno mema huko kwako Soni, na jua la kutosha kukausha masweta yako.

Shamsa Ibrahimu, kidato cha nne, kwa niaba ya wanafunzi