Ndila wa Muthama na Nyanya Zilizofungwa Uzi

Jamaa, majirani na marafiki, familia imenituma mimi Kilonzo, ndugu wa marehemu ninayemfuata kwa kuzaliwa, niwasomee maisha ya dada yangu Ndila, mke wa Muthama, na nitayasoma yote, pamoja na ile habari ya uzi, maana wengi mlioketi hapa ndio mlioieneza.

Marehemu alizaliwa Kilungu mwaka wa 1912, akasoma shule ya misheni kuanzia 1922 hadi 1925, alipotolewa ili achunge mbuzi, jambo ambalo baba yetu alikumbushwa kila Krismasi mpaka alipokufa. Alibatizwa tarehe 15 Juni 1930, akaolewa na Muthama mwezi wa Agosti mwaka uliofuata, akahamia Kitui, wakajaliwa watoto watano, na wanne wako hai.

Kazi yake ilikuwa shamba la kando ya mto Kalundu. Mwaka wa 1946 Bwana Faki, mwenye hoteli ya chai mjini, alianza kuwauzia makarani na madereva wa malori sandwichi za nyanya, akamwomba marehemu amletee nyanya inayofaa. Mwingine angepeleka alizonazo, lakini yeye alipanda aina tatu, ile kubwa laini ya mbegu za dukani, ile ndogo ya kwetu Kilungu, na ile yenye makunyanzi ambayo Bi Shufaa, mkewe Faki, aliitoa kwao pwani, akazionja zote juu ya mkate na chumvi. Ile kubwa ilikuwa maji matupu, mkate ukalowa kabla ya kufika mdomoni, ile ndogo ilikuwa tamu lakini ilidondoka, na ile ya makunyanzi, ambayo sokoni hakuna aliyeitazama mara mbili, ilikuwa na nyama nene, utamu, na uchachu wa kiasi. Akaichagua hiyo, na Muthama aliposema inawatia aibu, alimkatia kipande akamwambia atafune kwanza.

Sisi wengine tulikuwa tukiuza nyanya nzuri na kuweka mbegu za zile zilizobaki, zilizoanza kuoza, kisha tunashangaa ladha imekwenda wapi. Marehemu alifanya kinyume, alionja tunda la kwanza la kila mche, na mche uliomridhisha akaufunga uzi mwekundu, zisichumwe nyanya zake na mtu yeyote, hata mgeni, hata mimi, na mimi nilijaribu.

Mwezi wa Julai 1953 watu waliziona nyuzi hizo wakasema ni kithitu, kiapo cha kuua, kwamba atakayekula nyanya za shamba lile atavimba tumbo afe, na katika Hali hii ya Hatari neno kiapo si la mchezo. Wateja wa Faki waliacha sandwichi, na chifu akatangaza kwamba shamba litang'olewa Ijumaa. Kulikuwa na ukame, mche wenye uzi uliozaa ulikuwa mmoja tu, na ndani ya nyanya zake chache ndimo ilimokuwa mbegu yote ya miaka saba ya kuchagua.

Siku ya Alhamisi marehemu alizichuma mbele ya watu, akaketi mlangoni kwa Faki, akazikata juu ya mkate, nami nikamnong'oneza atoe mbegu kwanza, akanijibu kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Nikitoa mbegu watasema nimetoa sumu." Akala zote na mbegu zake, Bi Shufaa akaja akaketi kando yake akala naye, wakakaa hapo mpaka soko likafungwa, na hakuna aliyevimba. Chifu aliliacha shamba, lakini mbegu ilikuwa imekwisha, na usiku huo dada yangu alilia sana, nalisema hili kwa sababu watu walidhani ana moyo wa chuma.

Hakukaa na kilio. Mvua za Novemba ziliponyesha alikwenda nyuma ya jiko la Faki, pale Bi Shufaa anapomwaga maji ya kuoshea vyombo vya sandwichi pamoja na mbegu zilizogandamana navyo, akakuta miche ya nyanya imejiotea yenyewe, akaihamisha yote, akaonja upya, akang'oa mingi, na kufikia 1955 ladha yake ilikuwa imerudi.

Machi mwaka huu wa 1958 alianza kuugua kifua, akalazwa hospitali ya Kitui, akarudi nyumbani Julai, na alipokosa nguvu za kutafuna alimwagiza binti yake Syombua aonje kwa niaba yake na kumweleza. Alifariki Jumamosi tarehe 9 Agosti, alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliomtekea maji, Bwana Faki na Bi Shufaa walioleta mikate ya leo. Tukitoka kaburini mtapewa mkate na nyanya za shamba lake, kuleni mshibe, hakuna atakayevimba, ila kule mtoni kuna mche mmoja wenye uzi mwekundu, Syombua aliufunga jana baada ya kuonja peke yake, bila wa kumweleza, na huo msiuguse.

Pumzika kwa amani, dada yangu, mche umefungwa.