Mkorosho Katikati ya Ukuta

Kijiwe chetu kipo nyuma ya mashine ya kusaga, pale njia ya Kitangari inapokatana na ya Makote. Kahawa na kashata nauza mimi, na wateja wa kudumu ni watatu. Mzee Erasto tunamwita Waraka, kwa sababu aliwahi kuwa mwenyekiti wa kitongoji na hadi leo hawezi kupiga chafya bila kutaja mwongozo wa serikali. Jafari ni Kangomba, maana miaka ya nyuma alinunua korosho za watu kwa bakuli kabla hazijafika mnadani. Vitalis ni Fundi, na hilo ni jina la kazi, ingawa wiki hiyo nilianza kulitilia shaka. Benchi linatazama darasa la sekondari mpya. Utaratibu unajulikana: wananchi tunasimamisha boma, yaani kuta, halafu halmashauri inaleta mabati na kupaua. Kuta tatu zilikuwa zimesimama. Ya nne ilikuja kutoka kulia ikakwama, ikaja kutoka kushoto ikakwama, na katikati ulikuwepo mkorosho wa Mama Nasibu, umejaa mabibo mekundu, kila tunda na korosho yake.

Mtu wa mbali atauliza kwa nini haukukatwa kabla ya msingi. Huku kwetu ardhi inaweza kuwa ya kijiji na mti ukawa wa mtu, na mti wenye korosho juu hakuna anayeuinulia shoka. Kwa hiyo walichimba msingi mwezi wa saba, mti una maua, wakasema mpaka Novemba itajulikana. Novemba ikafika, haikujulikana.

Siku ninayoisimulia ilikuwa Jumatatu. Mhandisi wa halmashauri alikuwa anakuja Alhamisi, na akikuta boma halijafunga, mabati yanakwenda kijiji kingine. Mwanangu Sikuzani amefaulu darasa la saba, Januari anaanza kidato cha kwanza. Bila darasa hili, sekondari ya karibu iko kata nyingine, mbali, na watoto wa huku hupanga vyumba huko. Sikumzaa Sikuzani ili awe mpangaji akiwa na miaka kumi na tatu.

Niliwaambia hivyo huku nikiwamiminia. Waraka akanituliza kwamba elimu siku hizi haina ada, kwa hiyo watoto wote wako sawa.

— Ada hakuna, nikamwambia. Kodi ya chumba je? Na unga, na godoro, na mlango usio na komeo?

— Hayo si ya sera, Mama Sikuzani. Hayo ni ya mzazi.

— Na huo mkorosho ni wa nani?

Hapo nikawa nimewachokoza. Waraka akaeleza kwamba madaraka yameshushwa kwa wananchi, basi mwenye uwezo wa kuutoa mti ni mkutano wa kijiji. Lakini mkutano hauwezi kupata akidi, watu wako mashambani wanaokota korosho. Kwa hiyo suala lipande kata, kata iandikie halmashauri, halmashauri iulize mkoa, kisha lishuke tena kwa wananchi, ambao ndio wenye madaraka.

— Litashuka lini? Fundi akauliza.

— Haraka haraka haina baraka.

— Sasa Alhamisi je?

— Alhamisi nayo isiwe na haraka.

Kangomba akasema wanajisumbua bure, mti ubaki palepale, ukuta uuzunguke kwa nje uwe ndani ya darasa, na bati litobolewe.

— Na mvua? nikauliza.

— Mvua ndiyo faida yenyewe. Hapa tunanunua maji kwa ndoo, wewe unaletewa mpaka kwenye dawati. Haba na haba hujaza kibaba.

Akaendelea kwamba korosho zitalipia chakula cha mchana cha shule, na mwanafunzi atakayesinzia ataangukiwa na bibo, hivyo mwalimu mmoja atakuwa ameokolewa. Sikutaka kucheka. Nilicheka.

Fundi naye hakukubali kupitwa. Alitaka ukuta mwingine uanzie kwenye mti upite katikati ya darasa, mti uwe mpaka, darasa ligawanyike: wavulana huku, wasichana kule. Tatizo dogo tu, upande mmoja hautakuwa na dirisha. Nikamwuliza ni upande wa nani. Akanywa kahawa yake taratibu, kisha akasema basi, samaki mkunje angali mbichi, tuufunge mti kamba tuuvute upinde pembeni.

— Mti huo umekuzidi umri, Waraka akamwambia.

— Basi ni samaki mkavu, akadakia Kangomba. Huyo hakunjwi, analowekwa.

Kwenye mashine ya kusaga waliacha kazi wakaja kusikiliza. Waraka alipoona ana hadhara, akapanda zaidi: darasa lisajiliwe kama shamba ili msaada utoke kilimo, na mkorosho usajiliwe kuwa mwanafunzi, maana haki ya elimu haibagui.

Katika waliokuja kusikiliza alikuwemo Oliva wa Lupaso, aliyekuja wiki hiyo kumsaidia dada yake aliyejifungua. Aliwaamkia shikamoo, wakaitika marahaba, akanunua kashata akaila yote akiwatazama. Alipomaliza akajipangusa mdomo.

— Samahani, wazee wangu. Mwenye mti mmemwuliza, akasemaje?

Kidogo kidogo ikajulikana kwamba Waraka alidhani ameenda Fundi, kwa vile mke wa Fundi ni wa ukoo wa Mama Nasibu. Fundi alidhani ameenda Waraka, kwa vile ni kazi ya ofisi. Kangomba hakudhani chochote. Kwa habari za bakuli, ua wa Mama Nasibu yeye haukanyagi. Ukweli ni kwamba wote watatu wanamwogopa. Mama Nasibu aliwahi kumtoa bwana shamba nyumbani kwake kwa fagio.

Niliipua birika, nikawaambia kahawa imekwisha, wakati ilikuwa nusu. Nikamchukua Oliva tukaenda.

Mama Nasibu alikuwa anaanika korosho uani. Nilimwamkia, na marahaba yake haijatua nikamweleza yote.

— Kumbe mti ndio unaowazuia?

— Ndio, mama.

— Mimi nilidhani mmeishiwa tofali.

Mjukuu wake naye amefaulu. Walikwisha kumtafutia chumba huko mbali, na bibi mwenyewe alikuwa halali kwa mawazo. Akasimama, akakung'uta mikono.

— Waje kesho asubuhi. Waokote kwanza korosho zangu zote, na zilizo juu wazipukutishe. Matawi ni kuni zangu. Na yule wa bakuli asiguse gunia.

Jumanne wanaume watatu wakubwa walipiga magoti chini ya mkorosho, Mama Nasibu ameketi juu ya kinu anawaonyesha kwa fimbo walizoziacha. Kangomba alipewa aokote mabibo tu. Baada ya hapo shoka likaingia, na jioni walikuwa bado wanang'oa kisiki huku Waraka akiwaeleza ni ngazi gani ya serikali iliyotoa kibali.

Jumatano wanawake tulisomba maji na tofali, Fundi akafunga ukuta na pa dirisha akapaacha pakubwa. Sikuzani na mjukuu wa Mama Nasibu walishinda humo ndani wakigombania nani atakaa wapi. Jioni nilipowaita, walikimbilia upande waliozoea kupita, wakakuta tofali. Ikabidi watokee mlangoni.