Kadi Isiyo na Jina: Safari ya Alinanuswe Mbonile, 1958–2015

Ndugu waombolezaji, tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Juni 1958 kule Ikinga, Ileje. Alimaliza darasa la saba mwaka 1973. Siku ya vyeti aligoma kuondoka mpaka mwalimu mkuu amsomee chake kwa sauti, asije akapewa cha mwingine.

Mwaka 1979 aliolewa na Amoni wa Ruanda, Mbozi. Kabla ya kukubali posa, alimtuma kaka yake kimyakimya akahakikishe kama shamba la kahawa alilosifiwa nalo lipo kweli. Lilikuwepo. Bado akauliza kama si la kuazima, na Mzee Amoni hucheka hadi leo akisimulia hilo.

Biashara huria iliporuhusiwa walihamia Mpemba, karibu na mpaka wa Zambia, mwaka 1988, akawauzia maharage wanunuzi wa Zambia. Hakuna aliyempunja, maana aliwashuku wote sawasawa.

Mwaka 2011 watafiti wa afya waliwakusanya wakazi na wauguzi wa Mpemba, kila mmoja amalizie kwenye kadi, bila jina, sentensi hii: "Watu hawaendi zahanati kwa sababu..." Kadi zikachanganywa. Kila mtu akazipanga peke yake katika mafungu kadiri alivyoona zinahusiana, akazipa na alama za umuhimu. Kompyuta ikachora ramani, kadi zilizowekwa fungu moja na wengi zikakaa karibu karibu, kisha wote wakaitwa wayape mafungu majina. Katikati ya kadi za hofu ya kufa ilikaa moja isemayo, "Wauguzi wanatukana wagonjwa." Nesi Jenista, aliyewahi kugombana na marehemu, akainua macho, yakagongana na ya marehemu. Marehemu hakuiandika, ila aliapa kwamba Jenista anamdhania yeye. Hakukanyaga tena zahanati.

Mwaka 2013 alipata uvimbe wa titi. Aliuficha, akinunua dawa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na familia ilipojua ulikuwa umekwisha kuwa kidonda na kusambaa. Hilo linaiuma familia mpaka sasa. Jenista alimfuata nyumbani, marehemu akajifunika gubigubi.

"Mama Anyitike," Jenista akasema, "kadi ile niliiandika mimi. Niliona aibu kwa tunavyowatendea."

"Shahidi wako nani?"

"Sina."

Marehemu akafungua kitenge mwenyewe, akamwambia, "Haya, njoo."

Jenista alimsafisha kidonda kila siku hadi alipofariki, tarehe 9 Machi 2015, nyumbani Mpemba. Ameacha mume, watoto wawili, Anyitike na Luka, wajukuu watano, na Jenista, ambaye marehemu aliagiza asomwe hapa miongoni mwa wanawe.

Mungu ampumzishe kwa amani.