Mpaka Maji Yafike Arobaini

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni kitindamimba wa nyumba hii, mdogo wake marehemu, naye ndiye aliyenilea, nimepewa heshima ya kuwasomea maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Rula, na mkinisikia nasita mnisamehe, kwani karatasi hii aliipitia mwenyewe kwa kalamu nyekundu.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu kati ya sita, nyumba ya pili kutoka kwenye chemchemi, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia 1966 hadi 1972, akafaulu kwenda sekondari ya bweni, na mwaka 1982 akahitimu shahada ya haidrolojia, yaani elimu ya jinsi maji yanavyotembea juu na chini ya ardhi, msichana pekee darasani, na wavulana wote wakinakili kwake.

Januari 1983 aliajiriwa na idara ya maji, na hapa aliniusia nisiruke neno. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupima mitaro ishirini na saba ya kukausha kinamasi cha umma kule juu, kinacholisha chemchemi yetu, ili palimwe, akaifanya vizuri mno, akapewa cheti, na miaka minne baadaye chemchemi yetu ikakauka, mama yetu akawa anatembea saa mbili kwa ndoo moja, wala hakumlaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Tarehe 3 Juni 1985 aliolewa na fundi seremala, shemeji yetu huyu mpole, wakajaliwa watoto watatu na wajukuu wanne, na ni shemeji aliyemchongea ule ubao wa sentimita wa kupimia kina cha maji uliosimama kwenye chemchemi, ndipo likaja jina la Mama Rula.

Mwaka 1991 aliomba mwenyewe kuhamia mradi wa kurejesha ardhi ya umma katika hali yake ya awali, kwa cheo cha chini, akaanza kuifukia mitaro yake mmoja mmoja, wenzake wakamtania kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe, naye akawajibu kwamba ameshaingia, wampe koleo. Wakubwa walitaka bwawa la saruji, kitu cha kuonekana, yeye akashikilia udongo na magogo, na kile cheti akakitundika ofisini ili kila mwajiriwa mpya aulize, aambiwe. Alistaafu 2018, hakuacha, na mtaro wa mwisho ulizibwa Aprili mwaka jana.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Alituonya kwamba ole wetu tumsifu mazishini kabla maji hayajafika arobaini kwenye ule ubao, ataamka atusahihishe. Jumanne tarehe 6 Agosti 2024 aliniuliza ni ngapi, na jamani, nilitamani kudanganya, lakini yalikuwa thelathini na nane, nikamwambia hivyo hivyo, akacheka, akasema angalau amelea mtu mkweli. Alifariki Alhamisi tarehe 8, saa kumi na moja alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani mliolala nasi, na wafanyakazi wenzake mliokuja na makoleo yenu kumchimbia.

Leo asubuhi mimi na shemeji tulipita kwenye chemchemi. Mvua haijanyesha wiki ya tano sasa, kwa hiyo dada usinibishie, ni arobaini na moja, shemeji ameisoma mara mbili, na sifa zote hizi ni halali yako.

Pumzika kwa amani.