Mama Ipi Ianze

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na muuguzi. Tunamshukuru Mungu kwa maisha yake, ingawa leo hata kushukuru kunatuelemea.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1974, akasomea uhazili, na mwaka 1978 akaajiriwa kuwahudumia wakurugenzi wawili wasiosemezana. Kila mmoja alimtuma kana kwamba mwenzake hayupo. Aliitikia ndiyo huku na ndiyo kule, mpaka kazi za wote wawili zikarundikana mezani pake. Siku moja aliwakuta wote kwenye korido akauliza, "Wakubwa wangu, kazi zote mbili mnazitaka leo. Ipi ianze?" Wakatazamana. Siku hiyo waliongea.

Swali hilo likawa kazi yake. Kwa miaka mingi alifundisha wafanyakazi wenye bosi wa idara na bosi wa mradi, wote wakitaka kuitikiwa. Aliweka viti vitatu, wawili wakajifanya mabosi, na wa katikati akabebeshwa kazi za wote. Aliyewakubalia wote, marehemu alimtania, "Mwanangu, wewe si mfanyakazi, wewe ni kamba ya kuvutana." Ndiyo maana waliomjua walimwita Mama Ipi Ianze.

Aliolewa mwaka 1984 na dereva wa malori. Mama mkwe aliishi nao, naye alikuwa na amri zake za jikoni, na mume ana zake. Marehemu akawakalisha pamoja mama na mwanawe. Mumewe hupenda kusema kwamba katika nyumba ile hata kununa kulifanyika kikaoni.

Mwaka jana moyo na figo vilidhoofu kwa pamoja. Daktari wa moyo alitaka maji yapunguzwe mwilini, wa figo akataka yaongezwe. Bintiye mkubwa, aliyemuuguza, alipeleka maneno ya huyu kwa yule, ndiyo daktari, ndiyo daktari, mpaka akawa anasinzia amesimama. Mama akamwambia, "Umekuwa kamba, mwanangu. Waite wote wawili."

Walikuja, mmoja upande huu wa kitanda, mwingine upande ule. Mama akauliza, "Ipi ianze?" Wakatazamana. Daktari wa figo akavuta kiti, akakaa. "Mama, tukisema kweli, hakuna tiba itakayosaidia tena."

"Asanteni. Basi nirudisheni nyumbani."

Nyumbani, simu ya binti haikutulia. Kazini walimtaka, na mama alimhitaji. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, simu mkononi, mama alipomtazama. "Na wewe je? Ipi ianze?" Binti akaizima, akapanda kitandani kando yake, akalala usingizi ambao hakuwa ameupata kwa muda mrefu. Alipoamka, mkono wa mama ulikuwa kichwani pake, umeshapoa. Ilikuwa asubuhi ya tarehe 14 Juni 2024.

Ameacha mume, mabinti wawili na mtoto wa kiume, wajukuu sita na dada mmoja.

Sasa yuko kwa Bwana mmoja tu. Apumzike Kwake kwa amani.