Mama Domitille wa Mapendo na Rozari ya Batri

Wasikilizaji wapendwa, amani iwe katika nyumba zenu. Punguzeni kidogo kelele za masufuria, mnisikilize. Juma lililopita mtaa wa Mapendo ulimzika Mama Domitille M'Baharanyi. Narudia jina, kwa maana wako wanaosikiliza nusu nusu: Mama Domitille M'Baharanyi, mjane wa Papa Murhula. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Moyo wake ulichoka.

Nimeombwa niseme habari zake kwa upole. Nitajaribu. Lakini yeye mwenyewe hakuwa mpole mbele ya upumbavu, na upumbavu wetu katika jambo moja ulimuudhi hadi mwisho. Jambo lenyewe ni namna tunavyonunua kompyuta.

Mama Domitille alizaliwa upande wa Walungu. Alisomeshwa na masista, na masista wakamfundisha mashini ya kuandikia: mgongo wima, macho kwenye karatasi, vidole bila haraka. Aliolewa na Papa Murhula, karani wa forodha, wakahamia Goma. Hapa alifanya kazi ya kupiga chapa ofisini. Ofisi ilipoanza kutumia kompyuta, moja ilikufa upesi, ikatupwa nyuma ya ghala. Mama akaomba ruhusa, akaifunga katika kitenge, akaibeba kichwani hadi nyumbani.

Binti yake Nabintu alinieleza yaliyofuata. «Papa alirudi kula bugali, akakuta meza yote ni skrubu. Akasema: ‘Domitille, hiyo mashini ya serikali itakufunga!’ Mama akajibu bila kuinua kichwa: ‘Ilishakufa. Maiti haina serikali.’ Papa akakula bugali yake sahani ikiwa juu ya magoti.»

Mashini ile ilifufuka, wasikilizaji. Ilifufuka baada ya majaribio mengi, na Mama Domitille hakupona tena ugonjwa huo wa kupenda kompyuta. Alipostaafu, sebule yake ikawa makutano ya watu wa namna yake. Walijiita Wapenzi wa Mashini. Walikutana Jumamosi alasiri, kila mmoja na kompyuta yake ya kubeba, hii mnayoiita laptop. Walifungua matumbo ya mashini, wakapuliza vumbi jeusi la mawe yetu ya volkano, wakabishana. Kwa nini walibishana hivyo? Sijui. Niliwahi kuketi pale, nikasikia watu wazima wakirushiana maneno juu ya kipepeo cha kupoza mashini kana kwamba ni urithi wa mashamba.

Na watu wa mji wote walikwenda kwake kuuliza: Mama, ninunue ipi? Aliwajibu wote. Usitazame kifuniko kinavyong'aa, hutaandika juu ya kifuniko. Gusa kila herufi, hata ile usiyoitumia. Fungua na ufunge, usikie bawaba zake kama zinalia. Uliza kama vipuri vyake vinapatikana hapa Goma, si Ulaya. Na zaidi ya yote, ng'oa kamba ya umeme, uone batri inaishi muda gani, kwa maana katika mji huu umeme ni mgeni, huja akiaga.

Walimsikiliza? Hawakumsikiliza! Walitikisa kichwa, wakashukuru, wakanywa chai yake, wakaenda kununua ile inayong'aa. Mwalimu Rémy, mtu wa Jumamosi kabisa, alirudi na mashini nyembamba kama hostia. Mama akaigeuza mkononi. «Mwalimu, kle yako ya USB utaiingiza wapi? Haiko hata na tundu moja.»

«Mama, ni modeli mupya.»

«Nyumba bila mulango nayo ni modeli mupya. Lakini utalala inje.»

Walicheka wote, akiwemo Mwalimu Rémy. Mwezi haukuisha akarudi na kifaa cha kuongezea matundu, nacho kimeungua. Ndivyo tulivyo. Tunaomba shauri ili tupate mtu wa kumlilia baadaye.

Sasa niwaeleze namna yake ya kupima, kwa maana habari yote ya leo inasimama juu yake. Mama Domitille alifika dukani, akachagua mashini, akaiwasha, akang'oa kamba. Kisha akaketi, akatoa rozari katika mkoba, akaanza kusali. Rozari nzima, mafumbo yote matano, bila kuruka. Mashini ikimaliza rozari na bado ina nguvu, tutazungumza bei. Ikizimika katikati, alijifanyia ishara ya msalaba na kutoka. Wauzaji wa Birere, mtaa wa maduka, walimwogopa. Utamfukuzaje mama anayesali?

Mmoja alijaribu. «Mama, samahani, miye ni Muprotestanti.»

«Na batri yako,» akauliza, «nayo ni ya Kiprotestanti?»

Basi, wasikilizaji wapendwa, nifike kwa Clarisse. Clarisse ni binti wa Mama Valérie, jirani wa Mama Domitille. Familia yao ilitoka milima ya Masisi, watu wa ng'ombe. Mama Domitille ndiye aliyemsimamia Clarisse katika ubatizo, ndiye marraine wake. Binti huyu alikuwa anamaliza chuo kikuu. Alikuwa anaandika mémoire, yaani kitabu cha mwisho cha masomo, juu ya maziwa ya Masisi na namna yanavyoharibika njiani. Kompyuta yake ya zamani iliishi kwa kamba tu. Umeme ukikatika, kurasa zinakwenda nao. Chuo kiliweka siku ya mwisho, nayo ilikuwa karibu sana. Kuikosa kulimaanisha kurudia mwaka, na baba yake alikwisha kusema kwamba hakuna ng'ombe wa kulipia mwaka mwingine. Narudia: siku ikipita, masomo yameisha bila shahada.

Ndipo alipojitokeza mjomba wake, Papa Ruffin, mchuuzi wa mabeseni na mashuka, mwenye duka Murara. Papa Ruffin ni mtu wa moyo mkubwa na sauti kubwa. Alikwenda Bunagana, kule mpakani, kwa biashara, akarudi na katoni iliyofungwa vizuri, yenye picha ya kompyuta ubavuni. Aliita watu Jumapili baada ya misa. Kulikuwa na nyama na soda. Akasimama, akatoa hotuba, akamkabidhi mpwa wake katoni.

Mnajua desturi yetu. Zawadi hupokewa kwa mikono miwili, mtu hupiga goti kidogo, hushukuru, huipeleka chumbani. Haifunguliwi mbele ya aliyeitoa. Kuifungua ni kumwambia mkubwa: sikuamini. Desturi hiyo ni nzuri kwa mashuka. Kwa kompyuta, ndugu zangu, ni balaa. Mashini mbovu ngapi zimeingia vyumbani mwetu kwa mikono miwili na goti kidogo!

Mama Domitille alikuwa ameketi pale. Kila mtu alimtazama. Alijua kwamba muuzaji hawezi kukubali kurudishiwa mashini iliyokaa siku nyingi. Alijua pia kwamba yeye mwenyewe, kwa desturi, hawezi kusema neno. Akafikiri. Kisha akasimama, akasema kwa heshima kubwa: «Papa Ruffin, Mungu akubariki. Sisi gari tunabariki, nyumba tunabariki. Chombo cha masomo je? Kitoeni, kiwashwe, tukiombee kingali kizima.»

Nani atakataa baraka? Papa Ruffin mwenyewe ni wa kanisa lingine, lakini alifurahi. Katoni ikafunguliwa. Mashini ikawashwa, ikawekwa juu ya kitambaa cheupe, bila kamba ya umeme. Na Mama Domitille akatoa rozari.

Nabintu alikuwapo. «Nilipoona ile rozari,» alisema, «nikamuvuta Mama kitenge. Nikamwambia kwa sikio: ‘Mama, hapana leo.’ Akanitazama tu. Akaanza: ‘Nasadiki.’»

Watu wakaitikia. Fumbo la kwanza, mashini inawaka. Fumbo la pili, inawaka. Katikati ya fumbo la tatu kioo kikazimika. Salamu Maria ikakatika katikati. Mama Domitille akajaribu kuiwasha, ikakataa. Katoni ilikuwa mpya, tumbo lilikuwa la zamani.

Mtoto wa jirani akacheka. Mtu mmoja nyuma akasema: «Bunagana imekula Papa Ruffin!» Papa Ruffin akasimama. Hakupaza sauti, yeye ambaye hupaza sauti hata akisalimu. «Mama Domitille, zawadi ya kupimwa haiko zawadi tena.» Akairudisha mashini katika katoni, akaibeba, akaondoka, soda yake ikabaki mezani.

Sasa tazameni. Mama Domitille alikuwa na haki. Na kwa haki yake, Clarisse hakuwa hata na ile mashini mbovu. Binti alilia mbele yake: «Marraine, afazali ingelizimika kwangu mwenyewe, ndani. Ningeitengeneza pole pole. Sasa mujomba alienda na siku zinaenda.»

Mama alimpa mashini yake mwenyewe atumie mchana. Lakini ilikuwa nzee, na data za binti zilikuwa nzito mno kwake, kazi ikaenda kwa mwendo wa konokono. Jumamosi Wapenzi wa Mashini walikusanyika, na walifanya nini? Walibishana! Huyu anasema kosa ni la batri, yule anasema kosa ni la chaja, Mwalimu Rémy anasema kosa ni la fumbo la tatu kuwa refu. Hakuna aliyesimama kwenda Murara. Jamani! Mama Domitille aliwasikiliza, akaweka kikombe chini, akawaambia: «Fungeni mulango mukimaliza.» Akapanda pikipiki hadi Murara.

Maneno yaliyosemwa dukani tunayajua kwa kinywa cha Papa Ruffin. Mama alimkuta akipanga mabeseni ambayo yalikuwa yamekwisha kupangwa. Hakumpa kiti. Mama akageuza beseni, akaketi juu yake.

«Ulikuja kupima ba beseni?» akauliza Papa Ruffin.

«Nilikuja kukusalimia. Mashini ilikuwa mubaya, na hiyo sitaikana. Lakini ingelifaa nikuje hapa kwako Jumatatu, nikuambie tuko wawili. Nilikuambia mbele ya watu. Hiyo ndiyo ilinileta.»

Papa Ruffin akaweka beseni chini. Kisha akasema lile lililomchoma kweli: alirudi kwa muuzaji wa Bunagana, na muuzaji akamcheka, akasema katoni imefunguliwa. «Mimi mutu wa biashara, Mama. Miaka yote hii. Balinifanya mutoto.»

«Baliishakunifanya mutoto mara nyingi kuliko wewe,» akajibu Mama Domitille. «Mashini moja niliiletaka nyumbani, nikafungua, nikakuta mahali ya batri waliweka kipande cha ubao ili iwe na uzito. Nilimwambia Murhula ni modeli mupya.»

Hapo Papa Ruffin akacheka, akaagiza kiti.

Walikwenda pamoja Birere. Mama alikubali kuketi pembeni na kufunga mdomo, jambo ambalo Nabintu hadi leo haliamini. Papa Ruffin akachagua mashini iliyotumika, ya kawaida, yenye kifuniko kilichochubuka. Akagusa kila herufi. Akang'oa kamba. Rozari haijui, basi akamsimulia muuzaji habari za ng'ombe wa babake huko Masisi, mmoja mmoja, rangi zake, mama zake, na namna kila mmoja alivyozaa. Muuzaji aliomba msamaha, akatoa bei nzuri, akasihi wachukue tu waende. Papa Ruffin akakataa: «Ngoja, ile ya pembe moja bado.» Mashini iliwaka hadi ng'ombe wa mwisho.

Clarisse aliandika kwa mashini hiyo. Umeme ukaja, ukaondoka, na kurasa zikabaki. Alipeleka mémoire yake chuoni kabla ya siku kupita, akaitetea mbele ya maprofesa, akapata shahada. Leo anafanya kazi na ushirika wa wafugaji, na maziwa ya Masisi yanaharibika kidogo kuliko zamani. Bado si kidogo kama ninavyotaka, lakini tumeanza.

Siku ya mazishi, wasikilizaji wapendwa, sikufurahishwa na mambo mengi. Wako waliokuja matangani na laptop zao kwapani. Ndiyo! Walimwuliza Nabintu, naye amefunga kilemba cha huzuni: «Sasa hii nani ataniangalilia?» Nabintu aliwatazama kama mamake alivyomtazama yeye siku ile ya rozari.

Lakini kaburini Papa Ruffin aliomba kusema. Alisema machache, kwa sauti ndogo. Nilikuwapo, nayarudisha kama yalivyo.

«Mama huyu alinihaibisha mbele ya watu. Ni kweli, muliona wengi. Mimi katika maisha yangu watu wengi walinihaibisha. Mwenye alikuja kwangu kisha, akakaa chini, ni yeye peke yake.»

Akachukua udongo, akautupa, akarudi nyuma.

Kwako Nabintu, kwa ndugu zako, kwa ukoo wa M'Baharanyi na ukoo wa Murhula, kwa Clarisse na Wapenzi wa Mashini, redio hii inalia pamoja nanyi. Mungu ampokee mama yenu, awape nguvu, na apumzishe moyo ule uliochoka.

Nanyi mnaonisikiliza, ng'oeni kamba kabla ya kulipa. Hilo ni la kompyuta, na nimechoka kulisema. Lingine ni zito zaidi. Yuko mtu uliyemwambia ukweli hadharani. Ukweli ulikuwa ukweli, nawe ulirudi nyumbani ukiwa umeshinda. Je, ulikwenda kumwona? Duka lake liko wazi leo.