Mjomba Kenchi na Betri ya Sikioni

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao mbele ya kibanda cha kuchajia betri. Saa kumi jioni chupa ya kahawa inapofika, mabingwa watatu wameshakaa: Chaji mwenye kibanda, Koki fundi bomba, na mjomba wangu Kenchi, fundi wa kuezeka, ambaye wiki nzima dunia ilikuwa ikimzunguka. Kesho yake alikuwa apande juu ya jengo la ghorofa tatu kupigilia mabati. Jioni hiyo nilikwenda kumwomba asipande.

Daktari alishamweleza, nami nilikuwepo. Ndani kabisa ya sikio kuna maji ya aina mbili, yametenganishwa na utando mwembamba. Ya ndani yana ayoni, yaani chembe zenye umeme, nyingi za potasiamu. Ya nje yana nyingi za sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi. Kichwa kikigeuka, potasiamu huingia kwenye seli zenye vinyweleo, ubongo ukapata habari, kisha potasiamu ikasukumwa kurudi ilikotoka. Kwa mjomba, maji ya ndani yamejaa kupita kiasi. Apunguze chumvi na asipande juu.

— Hiyo ni betri, alisema Chaji. Nilijua hayo kabla daktari wenu hajazaliwa.

Hapo hakukosea sana. Hata daktari alitaja umeme. Tabu ni kwamba betri ikichoka, Chaji huiongezea maji ya chumvi. Basi alikuwa amemwandikia mgonjwa wake kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni.

— Mjomba, umelamba chumvi?

— Siku tatu tu, mpwa wangu.

— Haba na haba hujaza kibaba, Chaji akamtia moyo.

Koki akapinga, ila si kwa faida yangu. Kwake sikio lilikuwa bomba lenye vali mbovu. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, alisema, na hii potasiamu imekwama njiani. Alale kichwa chini, miguu ukutani, mpaka presha ishuke. Chaji akasema huko ni kumwaga asidi. Bora afungwe sumaku kwenye sikio la pili, lisiloumwa, ayoni zihamie upande huo. Koki akaona sumaku haitoshi: kesho mgonjwa akifika juu, ajizungushe mara saba kinyume na kizunguzungu, dunia itasimama yenyewe.

Mjomba aliafiki kila mmoja kwa zamu. Mimi nilikuwa natazama mkono wake wa kushoto. Ulikuwa umeng'ang'ania ukingo wa benchi tangu nilipofika, hata kahawa aliinywa kwa mkono mmoja.

Mwanamke mmoja aliyefuata betri yake alikuwa amesimama pembeni, akisubiri wamalize.

— Samahanini, ndugu zangu, alisema. Kesho akiwa juu ya bati, hiyo betri ikikata, nani atamdaka?

Chaji aliinamia nyaya zake. Koki alijimiminia kahawa nyingine. Mjomba alikiweka kikombe chini polepole, kama mtu anayepima ardhi iko wapi.

— Mpwa wangu, mpigie mwenye jengo. Mwambie atafute fundi mwingine.

Nikatoa simu.

— Ukimaliza, nishike mkono, akasema. Nataka kusimama.